Hesabu Iliyochukua Miaka Sitini: Makadirio ya Mimea ya Maua ya Afrika Mashariki

Idadi ya spishi za mimea itoayo maua katika nchi ni tarakimu inayotajwa kwa wepesi mkubwa katika vitabu vya shule, katika ripoti za serikali na kwenye mabango ya hifadhi za taifa, ilhali nyuma ya kila tarakimu ya aina hiyo kuna historia ndefu ya safari, makabati, barua na mabishano. Kwa Kenya, Uganda na Tanzania historia hiyo inaweza kufuatiliwa vizuri kuliko katika nchi nyingi za tropiki, kwa kuwa mimea ya nchi hizo tatu ilichunguzwa familia moja baada ya nyingine katika mradi mmoja, Flora ya Afrika Mashariki ya Tropiki, uliotoa vijitabu vyake vya kwanza mwaka 1952 na cha mwisho mwaka 2012. Mradi ulipokamilika ulikuwa umeeleza spishi 12,104 za mimea ya porini, na kazi iliyotarajiwa awali kumalizika kwa muda wa miaka kama 15 ilikuwa imechukua zaidi ya miaka 60. Pengo hilo kati ya matarajio na matokeo linafunza mengi, maana linaonyesha kwamba wakadiriaji wa mwanzo walikuwa wakipima kile kilichokwisha kuingia makabatini, na kilichoingia makabatini kilitegemea njia za misafara, reli, misheni na vituo vya utafiti kuliko kilivyotegemea wingi wa mimea yenyewe.

Spishi ni kundi la viumbe wanaofanana kwa sifa za kudumu na kuzaana wao kwa wao. Spishi zenye ukoo wa karibu huwekwa katika jenasi moja, na jenasi kadhaa hufanya familia. Mimea itoayo maua, ambayo wataalamu huiita angiospemu, ni ile ambayo mbegu zake hufungika ndani ya tunda, iwe ni mbuyu, mpunga, mgunga au okidi iotayo juu ya tawi, na kwa hiyo haihusishi kangaga, ambazo hazina mbegu, wala mitarakwa na miti ya podo, ambayo mbegu zake hukaa wazi. Tarakimu ya 12,104 iliyotajwa hapo juu inachukua makundi haya yote, hivyo mimea ya maua peke yake ni pungufu yake kwa spishi mia kadhaa. Neno flora nalo hutumika kwa maana mbili, yaani jumla ya mimea ya nchi, na vilevile kitabu kinachoieleza mimea hiyo spishi kwa spishi pamoja na ufunguo wa kuitambua. Katika makala haya maana ya pili ndiyo inayokusudiwa zaidi.

Ukusanyaji wa mimea kwa ajili ya sayansi ulianzia pwani na visiwani, mahali ambapo merikebu zilitia nanga. Wenceslas Bojer, mwanabotania mwenye asili ya Bohemia aliyeishi Mauritius, alikusanya mimea Unguja, Pemba na Mombasa mwaka 1824. John Kirk, aliyekaa Zanzibar kuanzia 1866 hadi 1886, kwanza akiwa daktari kisha balozi mdogo wa Uingereza, alipeleka mimea mingi katika bustani ya Kew karibu na London, na mtoria mmoja uliotoa mpira wa biashara, *Landolphia kirkii*, ukapewa jina lake. Bara ilifikiwa kwa njia za misafara ya pembe na watumwa, na alama ya njia hizo inaonekana wazi katika mimea ya kwanza kuandikwa: James Augustus Grant, aliyesafiri na mpelelezi Speke kati ya 1860 na 1863 kutoka pwani kupitia Unyanyembe na Karagwe hadi Buganda na Mto Nile, alikausha mimea aliyoikuta kando ya njia hiyo, na orodha yake ikachapishwa na Chama cha Linnaeus cha London kati ya 1872 na 1875. Mmisionari Charles New, aliyepanda Kilimanjaro hadi kwenye theluji mwaka 1871, alirudi na mimea michache ya maeneo ya juu, na kwa konzi hiyo moja ya majani makavu wasomi wa Ulaya walianza kujua kwamba kilele cha mlima wa ikweta kina mimea yake yenyewe.

Vitu hivi vilipofika Ulaya viliwekwa katika hebaria, yaani jumba la kuhifadhia sampuli za mimea iliyobanwa kati ya karatasi hadi ikakauka, kisha ikabandikwa juu ya karatasi ngumu pamoja na lebo inayotaja mahali, tarehe, mwinuko na jina la mkusanyaji. Mwanabotania akiamua kwamba sampuli fulani ni ya spishi isiyopata kuelezwa, huichapishia maelezo na jina la Kilatini, na sampuli aliyoitumia huwa sampuli ya msingi, ambayo jina hilo limefungwa nayo daima. Mtu yeyote atakayebishana baadaye kuhusu maana ya jina hana budi kurudi kwenye karatasi ile. Daniel Oliver wa Kew alianza kuchapisha kitabu cha mimea ya Afrika yote ya tropiki mwaka 1868, akafikisha majuzuu matatu mwaka 1877, kisha kazi ikasimama kwa takriban miaka 20 kabla ya wenzake kuiendeleza. Kusimama huko kuna maana katika historia ya makadirio, kwa sababu muda ule ambao Kew ilinyamaza ndio muda ambao wakusanyaji waliingia bara kwa wingi, na kitabu kilipoendelea majuzuu yake ya mwanzo yalikuwa yamekwisha kupitwa na sampuli zilizorundikana.

Utawala wa Wajerumani ulihamisha kitovu cha kazi kutoka London kwenda Berlin. Adolf Engler, mkurugenzi wa bustani ya mimea ya Berlin, alichapisha mwaka 1895 kitabu kikubwa kuhusu mimea ya Afrika Mashariki na maeneo jirani, kikiwa na orodha ya spishi zote zilizojulikana kwake, na hicho ndicho kilichokaribia kwanza kuwa hesabu ya nchi nzima. Sehemu kubwa ya ushahidi wake ilitoka Usambara, ambako Carl Holst alikusanya kwa bidii mwanzoni mwa miaka ya 1890, na ambako mwaka 1902 serikali ya kikoloni ilifungua taasisi ya utafiti wa biolojia na kilimo huko Amani, juu ya Muheza. Kwa kuwa reli ya kutoka Tanga, kituo cha Amani, mashamba ya kahawa na misheni zilikuwa zote katika pembe moja ya nchi, Usambara ikawa mojawapo ya sehemu zilizochunguzwa zaidi katika Afrika ya tropiki, na wasomaji wa orodha za Berlin wangeweza kudhani kwamba milima hiyo ina mimea mingi kupita kiasi ikilinganishwa na sehemu nyingine. Kwamba Usambara ina utajiri mkubwa ni kweli. Kwamba Uluguru, Nguru na Udzungwa zilionekana maskini kando yake kulitokana na uchache wa watu waliozipanda wakiwa na karatasi za kukaushia.

Usiku wa tarehe 1 Machi 1943 mabomu ya ndege za Waingereza yaliangukia hebaria ya Berlin na kuteketeza sehemu kubwa ya hazina yake, pamoja na sampuli za msingi za mimea mingi ya iliyokuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Athari zake katika hesabu zilidumu kwa miongo kadhaa, kwa kuwa jina lililopoteza sampuli yake ya msingi haliwezi kuthibitishwa kwa urahisi kuwa ni la spishi ya peke yake, wala haliwezi kufutwa kwa uhakika kuwa ni jina la pili la spishi nyingine. Kilichookoa mengi ni desturi ya wakusanyaji ya kukata matawi kadhaa ya mti uleule na kuyagawa kwa hebaria mbalimbali, na baada ya moto sampuli pacha zilizokuwa Amani, Kew na kwingineko ndizo zilizobaki mashahidi pekee. Hata hivyo vijitabu vya Flora vina, mwishoni mwa jenasi nyingi, sehemu ndogo ya spishi zisizojulikana vya kutosha, na baadhi ya majina yaliyotupwa humo ni yatima wa Berlin, yenye aya chache za Kilatini na yasiyo na jani hata moja la kuyatetea.

Waingereza walipoitwaa Tanganyika walikuta Amani ikiwa na hebaria na maktaba, na Percy Greenway, mwanabotania aliyefanya kazi huko kwa miaka mingi, akaijenga upya. Greenway ndiye aliyetunga kamusi ya majina ya mimea ya Kiswahili na ya kisayansi iliyochapishwa mara ya kwanza mwaka 1937, kazi ambayo hadi leo inanukuliwa na waandishi wa mimea ya dawa. Hesabu za wakati huo zilitungwa hasa na watu wa misitu, waliotaka kujua miti: orodha ya Eggeling ya miti ya Uganda ilitoka mwaka 1940, na orodha ya Brenan na Greenway ya miti na vichaka vya Tanganyika mwaka 1949. Idara ya misitu ilihitaji kuujua mvule, mninga na mpingo, wala haikuwa na haja ya kuzitenganisha spishi za nyasi, za ndago au za mimea midogo ya mwezi mmoja inayochanua baada ya mvua za vuli na kufa kabla ya mkusanyaji kupata gari. Kwa hiyo mtu aliyekadiria idadi ya mimea yote kwa kuangalia miti peke yake alikuwa anatumia sehemu iliyojulikana vizuri kupima sehemu iliyokuwa gizani.

Katika hali hiyo ndipo Flora ya Afrika Mashariki ya Tropiki ilipoanzishwa huko Kew mwishoni mwa miaka ya 1940, chini ya wahariri W. B. Turrill na Edgar Milne-Redhead, na kwa ushirikiano na hebaria ya Amani, ambayo karibu na mwaka 1950 ilihamishiwa Nairobi na kuwa Hebaria ya Afrika Mashariki. Kila familia ilipangiwa kijitabu chake, na vijitabu vilitoka kwa utaratibu wa kukamilika, bila kungoja mpangilio wa kiukoo, hivyo mteja aliyevinunua alilazimika kuvipanga mwenyewe kwenye rafu. Nchi ziligawanywa katika kanda zenye herufi na namba: U1 hadi U4 kwa Uganda, K1 hadi K7 kwa Kenya, T1 hadi T8 kwa Tanganyika, kisha Z kwa Unguja na P kwa Pemba. Mfumo huu mkavu ulikuwa na faida ambayo huenda waanzilishi hawakuithamini mwanzoni, maana ulifanya mapengo yaonekane. Spishi iliyoandikwa T3, yaani Tanga, na T7, yaani nyanda za juu za kusini, huku T6, yaani Morogoro na pwani yake, ikiwa tupu, ilikuwa inamwambia msomaji mahali pa kwenda kutafuta.

Njia ya kukadiria idadi kabla kazi haijaisha ilikuwa ya uwiano. Familia zilizokamilika zililinganishwa na orodha za zamani, na uwiano uliopatikana ukatumiwa kwa familia zilizosalia. Kwa mfano wa kufikirika, ikiwa orodha ya zamani ilikuwa na majina 100 katika familia fulani, na uchunguzi ukayafuta 45 kwa kuwa ni visawe, yaani majina mawili au zaidi ya spishi ileile, kisha ukaongeza spishi 20 mpya, familia hiyo itakuwa na spishi 75, na mkadiriaji atazidisha majina yote yaliyosalia kwa robo tatu. Udhaifu wa njia hii ni kudhani kwamba familia zilizotangulia zinawakilisha zile zinazofuata. Mambo hayakwenda hivyo: familia ndogo, au zile zilizokuwa na mtaalamu tayari, zilitangulia, wakati familia ya alizeti ilitoka kati ya 2000 na 2005, na zile za ndago na za Acanthaceae zikangoja hadi karibu na 2010. Rubiaceae, familia ya mbuni, iliyoandikwa kwa sehemu kubwa na Bernard Verdcourt, ilihitaji vijitabu vitatu, cha 1976, cha 1988 na cha 1991. Kazi ngumu iliahirishwa, na uwiano uliopimwa kwenye kazi nyepesi ukawa hautoshi.

Watakwimu wana njia nyingine inayoangalia sampuli zenyewe badala ya majina. Mkusanyaji akiingia msitu mgeni, karibu kila sampuli ni spishi mpya kwenye daftari lake, kisha ongezeko hupungua kadri anavyorudia, na mchoro wa ongezeko hilo hupanda kwa kasi na kulala polepole. Mahali unapoelekea kulala ndipo penye makadirio ya jumla. Anne Chao wa Taiwan alipendekeza mwaka 1984 kanuni inayotumia spishi zilizoonekana mara moja tu na zile zilizoonekana mara mbili: idadi ya zile za mara moja huzidishwa kwa yenyewe na kugawanywa kwa mara mbili ya zile za mara mbili, na jibu ni kadirio la chini la spishi ambazo hazijaonekana kabisa. Spishi 60 za mara moja na 30 za mara mbili huashiria kuwa angalau 60 nyingine bado zimejificha. Mantiki yake ni kwamba daftari lililojaa vitu adimu halijamaliza kujaa. Lakini kanuni hii, kama ile ya mchoro, hudai kwamba wakusanyaji wapite kila mahali kwa usawa, na hilo halijapata kutokea Afrika Mashariki. Mchoro unaweza kulala kwa sababu tu watu wamepita barabara ileile mara ya ishirini.

Historia ya ukusanyaji baada ya 1950 inathibitisha hofu hiyo, kwa kuwa kila eneo jipya lilipofunguliwa hesabu iliruka. Milne-Redhead na Peter Taylor walikusanya katika wilaya ya Songea mwaka 1955 na 1956, na kanda ya T8, yaani kusini mwa Tanganyika, ikaanza kuonekana katika vijitabu. Katika miaka ya 1970 Mdenishi Kaj Vollesen alifanya kazi katika Pori la Akiba la Selous, eneo ambalo kwa ukubwa wake lilikuwa karibu halina mmea kwenye makabati, na orodha aliyoichapisha mwaka 1980 ilifikia maelfu ya spishi kwa nyika ambayo wengi waliidhania kuwa miombo mitupu. Misitu midogo ya pwani, mingine ikiwa na hekta mia chache tu, ilipuuzwa kwa muda mrefu kwa kuwa wasomi walipenda milima. Makaya ya Wamijikenda katika K7 na misitu ya Rufiji, Kilwa na Lindi ilipochunguzwa kwa utaratibu katika miaka ya 1980 na 1990, kila mmoja ulikuwa na spishi zisizopatikana hata katika msitu wa jirani. Milima ya Tao la Mashariki, safu ya mabonge 13 kutoka Taita hadi Udzungwa inayopata unyevu wa Bahari ya Hindi na ambayo misitu yake imedumu kwa mamilioni ya miaka, leo inakadiriwa kuwa na spishi zisizopungua 800 za mimea isiyoota popote pengine duniani.

Si haki kuihusisha kazi hii na wageni peke yao. Majina ya Semsei, Mgaza, Ruffo na Mwasumbi yanajirudia kando ya namba za sampuli katika vijitabu vya Tanzania, kuanzia watumishi wa misitu waliotumwa kukata matawi hadi wanabotania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wa Lushoto, na wasomaji wengi wa Flora hupita majina hayo bila kujiuliza ni nani aliyeupanda mti. Christine Kabuye, mzaliwa wa Uganda na mtaalamu wa nyasi, aliiongoza Hebaria ya Afrika Mashariki kuanzia mwaka 1971 hadi miaka ya 1990, na kwa hiyo ndiye aliyeivusha katika kipindi cha hatari zaidi, pale Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977. Reli, ndege na bandari ziligawanywa kwa ugomvi, lakini sampuli kavu hazikugawanywa. Zilibaki Nairobi, ambako sasa ni sehemu ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na uamuzi huo, uwe ulifanywa kwa hekima au kwa kukosa nafasi ya kubishana, uliiokoa Flora. Vijitabu viliendelea kuchapishwa kwa niaba ya serikali za Afrika Mashariki hata wakati serikali hizo zilipokuwa hazizungumzi.

Hesabu pia hubadilika bila mmea wowote kuzaliwa wala kufa, na mfano ulio bora ni ua la Usambara. Mwaka 1892 Baron Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala wa wilaya huko Tanga, alipeleka Ujerumani mmea mdogo wenye maua ya zambarau, na Hermann Wendland akauita *Saintpaulia ionantha* mwaka 1893. Baadaye uliingia madirishani kote Ulaya na Marekani. Katika karne ya 20 kila bonge la mlima lilitoa umbo lake, majani yakiwa na vinyweleo zaidi au pungufu, na spishi zikafikia takriban 20. Iain Darbyshire alipoiandika familia hiyo kwa ajili ya Flora mwaka 2006, alipima sampuli nyingi kwa pamoja, akaona maumbo hayo yanaungana hatua kwa hatua, akazipunguza hadi sita na mengi ya yale majina akayafanya nususpishi, yaani matawi ya spishi moja yanayotofautiana kwa mahali. Mwaka 2015 uchunguzi wa vinasaba uliifuta hata jenasi yenyewe na kuiingiza katika *Streptocarpus*. Migunga nayo ilipoteza jina la *Acacia* kufuatia uamuzi wa mkutano wa wanabotania huko Vienna mwaka 2005 na kugawanywa kati ya *Vachellia* na *Senegalia*, mabadiliko yaliyowaudhi wengi Afrika lakini ambayo hayakuongeza wala kupunguza spishi hata moja.

Swali la nani ahesabiwe ni gumu kuliko linavyoonekana. Mkarafuu umekuwa Unguja na Pemba kwa takriban miaka 200 na umebadilisha uchumi wa visiwa, lakini asili yake ni visiwa vya Maluku na haumo katika 12,104. Mwarobaini, unaojiotea vichakani pwani nzima, hueleweka kuwa mgeni aliyezoea. Msizi, *Maesopsis eminii*, ni mti wa asili wa Uganda na kaskazini-magharibi mwa Tanzania. Ulipopandwa Usambara uliuvamia msitu wa Amani, na kwa hiyo ni mwenyeji katika hesabu ya Tanzania na mvamizi katika hesabu ya Tanga. Anayetaka idadi ya nchi na anayetaka idadi ya mlima hawatapata jibu moja hata wakisoma kitabu kimoja.

Mipaka ya nchi huleta tatizo jingine. Makadirio ya kawaida huipa Tanzania zaidi ya spishi 10,000, Kenya karibu 7,000 na Uganda karibu 5,000, jumla inayokaribia mara mbili ya spishi zilizomo katika Flora, kwa sababu mmea wa savana haujui forodha ya Namanga wala ya Mutukula. Ndiyo maana wanaokadiria mimea ya dunia nzima hawawezi kujumlisha nchi moja kwa moja. David Bramwell, katika hesabu yake ya mwaka 2002, alichukua spishi zinazopatikana katika nchi moja peke yake na kuzijumlisha juu ya flora ya nchi moja kubwa, na njia hiyo huipa uzito mkubwa Tanzania yenye Tao la Mashariki. Lakini hata makadirio ya dunia yalipishana vikali: mwaka 2001 Rafaël Govaerts alifikia mimea ya mbegu karibu 422,000, na miaka miwili baadaye Robert Scotland na Alexandra Wortley wakafikia karibu 223,000, tofauti kubwa iliyotokana zaidi na kadirio la sehemu ya majina ambayo ni visawe. Orodha ya dunia iliyochapishwa na Govaerts na wenzake mwaka 2021, baada ya kuchambua majina 1,383,297, ilikubali spishi 342,953 za mimea yenye mishipa, kundi linalojumuisha kangaga pia. Kwa kipimo hicho nchi tatu za Flora, zenye zaidi kidogo ya asilimia 1 ya nchi kavu ya dunia, zina kama asilimia 3.5 ya mimea yake.

Kijitabu cha mwisho, kilichotoka mwaka 2012, kilikuwa cha Solanaceae, familia ya tunguja, pilipili na mnavu. Jennifer Edmonds aliyekiandika alitumia miaka mingi kuyachambua makundi ya mnavu, mboga inayochumwa na kuuzwa kwa mafungu kila soko, ambayo spishi zake hutofautiana kwa rangi ya tunda, idadi ya kromosomu na umbo la meno ya jani, na huchanganyika kiasi kwamba mwandishi mmoja anaona nne mahali mwingine anapoona moja. Katika miaka minne tu ya mwisho ya mradi spishi 114 mpya zilielezwa, na katika muda wote wa Flora kiasi cha 1,500. Spishi mpya moja kwa kila nane, kati ya mimea ambayo waanzilishi walidhani wanaifahamu kwa sehemu kubwa, ndiyo kipimo cha upungufu wa makadirio ya kwanza.

Baada ya 2012 hesabu haikusimama, wala haikwenda upande mmoja. Mwaka 2019 mti mdogo wa Usambara uliitwa *Mischogyne iddii*, kwa heshima ya mwanabotania Mtanzania Iddi Rajabu. *Erythrina schliebenii*, mti wenye maua mekundu uliokusanywa na Hans-Joachim Schlieben kusini-mashariki mwa Tanganyika katika miaka ya 1930, uliorodheshwa mwaka 1998 kuwa umetoweka, kisha ukaonekana tena katika msitu wa pwani. Na mwaka 2025 ilichapishwa *Tessmannia princeps*, mti wa jamii ya kunde unaofikia urefu wa takriban mita 40, uliokuwa umesimama katika misitu ya hifadhi ya vijiji vya Udzungwa. Kijitabu cha kundi lake, kilichoandikwa na Brenan, kilitoka mwaka 1967, na katika kurasa zake mti huo haumo.